Mti wa moduli utoke kwenye saketi iliyojengwa, si kwenye maandishi yake

Ukirithi mradi wa FPGA, jambo la kwanza unalotaka kujua ni nini kiko ndani ya nini. Moduli ya juu kabisa ni ipi, imebeba zipi, na hizo zimebeba zipi tena? Bila majibu hayo hujui hata uanze kusoma faili lipi. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa nikiwa Ujerumani kwenye kampuni inayotengeneza vifaa vya kupimia vya viwandani, na jioni nikiongea kwa simu na vijana wa nyumbani wanaojifunza FPGA. Nimeona miradi yenye msimbo mzuri kabisa ikimtesa kila anayeipokea, kwa sababu tu hakuna mchoro unaoonyesha umbo lake kwa ukweli.

Kwa msomaji ambaye si wa fani hii: FPGA ni chipu inayouzwa kabla haijaamuliwa itakuwa saketi gani. Mhandisi anaeleza saketi anayoitaka kwa lugha kama VHDL au Verilog, programu inageuza maelezo hayo kuwa mantiki na nyaya, kisha matokeo yanapakiwa kwenye chipu. Moduli moja inaweza kuwekwa ndani ya nyingine, na hiyo hiyo ikawekwa mara nane, kila nakala na vigezo vyake. Ukifuatilia nani kambeba nani, unapata mti.

VHDL yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya nyaraka. Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwapa Intermetrics, IBM na Texas Instruments kazi ya kuitengeneza, na mwaka 1987 ikawa kiwango cha IEEE 1076. Shida iliyokuwapo ni kwamba vifaa vya jeshi hukaa kazini miaka mingi kuliko chipu zilizomo ndani yake, na chipu ikiacha kutengenezwa, lazima pawe na maelezo yanayoeleweka ya kazi yake ili mtu mwingine atengeneze mbadala. Kuitumia lugha hiyo kujengea saketi kulikuja baadaye. Huwa nakumbuka historia hii kila ninapokuta mradi wa VHDL ambao maelezo yake pekee ni mchoro wa zamani wa PowerPoint.

Na mradi nilioupokea ulikuwa hivyo hasa. Ukutani maabara palikuwa na mchoro mkubwa, umechapishwa kwa rangi, na mistari yake imenyooka. Ulionyesha chaneli nne za kupokea data kutoka kwenye vihisi. Kifaa tulichokuwa tunauza kilikuwa na nane. Aliyeuchora alikuwa ameshaondoka, na waliobaki walikuwa wameshazoea kumwambia mgeni, "Usiuangalie huo." Mhandisi mpya anaambiwa hivyo siku ya kwanza, halafu anaachiwa faili zaidi ya mia mbili ajitafutie njia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilikuwa kazi ya watu ya miaka mingi.

Nilianza na Doxygen, programu ya Dimitri van Heesch inayotoa nyaraka kutoka kwenye msimbo, iliyotoka mwaka 1997 kwa ajili ya C++ na ambayo baadaye ilipata uwezo wa kusoma VHDL. Kwenye faili la mipangilio unaweka OPTIMIZE_OUTPUT_VHDL kuwa YES, kwenye msimbo komenti za nyaraka unazianza kwa --! badala ya -- tupu, na unapata kurasa za HTML: kila entiti (ndivyo VHDL inavyoiita moduli), bandari zake za ishara, vigezo vyake, na maelezo yake. Ukiwa na Graphviz, programu inayochora michoro kutoka kwenye maandishi, unapata na michoro. Kwa saa chache za kazi hiyo ni faida kubwa, na ningemshauri yeyote aanzie hapo. Uchafu ulijitokeza kwenye herufi. Komenti za zamani zilikuwa za Kijerumani, zimehifadhiwa kwa ISO 8859-1, ambayo ndiyo seti ya herufi ya VHDL ya 1993, na kila ä na ü ilitoka kama alama ya ajabu. Mpangilio wa INPUT_ENCODING upo kwa ajili hiyo, lakini faili nyingine zilikuwa tayari za UTF-8, kwa hiyo tulizigeuza zote kuwa UTF-8 mara moja na kusahau habari hiyo.

Kurasa zikawa nzuri. Mti ndio haukuniridhisha, na sababu yake niliiona waziwazi zaidi nje ya kazini.

Kijana mmoja wa Arusha anayejifunza Verilog alikuwa na bodi ya iCEBreaker, yenye chipu ya iCE40 UP5K ya Lattice. Alikuwa anasoma PicoSoC, mfumo mdogo wa kompyuta uliojengwa kuzunguka PicoRV32, kichakataji cha RISC-V cha Claire Wolf. Ni mradi mzuri wa kujifunzia kwa sababu uko wazi na faili zake ni chache. Alikuwa ameandika skripti ya Python inayopita kwenye faili, inatafuta kila mahali moduli inapowekwa ndani ya nyingine, na kumchorea mti kwa Graphviz. Akanitumia picha na kuuliza, "Kaka, mbona hapa naona vizidishi viwili na kigawanyi kimoja ndani ya kichakataji, lakini ripoti ya Yosys inaonyesha kizidishi kimoja tu?"

Yosys ni programu inayogeuza Verilog kuwa saketi. Skripti yake ilikuwa imesoma sawasawa. Ndani ya picorv32.v kweli kuna picorv32_pcpi_mul, picorv32_pcpi_fast_mul na picorv32_pcpi_div. Lakini zimewekwa ndani ya sharti la generate, linaloamua kipi kijengwe na kipi kiachwe. Kigezo cha ENABLE_FAST_MUL kikiwa 1, kinachojengwa ni fast_mul. Kikiwa 0 na ENABLE_MUL ikiwa 1, inajengwa mul ya kawaida. Vyote viwili vikiwa 0, hakijengwi chochote. Sasa fungua picosoc.v: thamani za msingi ni ENABLE_MUL 1, ENABLE_DIV 1, ENABLE_FAST_MUL 0. Ukiishia hapo utasema kuna kizidishi cha kawaida na kigawanyi. Panda ngazi moja zaidi, kwenye icebreaker.v, na thamani hizo zimebadilishwa: MUL 0, DIV 0, FAST_MUL 1. UP5K ina vizidishi vya maunzi ndani yake, kwa hiyo kizidishi cha haraka kinapata pa kukaa, na mantiki ya kawaida ya chipu, ambayo ni seli 5,280 tu, inaokolewa kwa kazi nyingine. Kwa bodi yake, mti wa kweli una fast_mul peke yake na hauna kigawanyi.

Kuna kitu kingine hapo ambacho mtu asiyetazama kwa makini anakipita. Iwe ni mul au fast_mul, jina la nakala ndani ya kichakataji ni lile lile, pcpi_mul. Mchoro unaoandika jina la nakala peke yake utafanana kabisa kwa saketi mbili tofauti. Tangu siku hiyo kila kisanduku ninachochora kina majina mawili: nakala juu, moduli chini.

Halafu kuna kumbukumbu. Picosoc.v haisemi moja kwa moja ni moduli gani ya kumbukumbu inayotumika. Inatumia makro ya PICOSOC_MEM, yaani jina linalobadilishwa na maandishi mengine kabla msimbo haujasomwa. Faili la icebreaker.v linaiweka makro hiyo kuwa ice40up5k_spram, na ndiyo maana limewekewa ulinzi: likisomwa baada ya picosoc.v, linatoa kosa na kukuambia lilitakiwa lisomwe kabla. Skripti ya kijana ilikuwa inasoma faili kwa mpangilio wa alfabeti na haijui makro, kwa hiyo ilichora kisanduku kilichoandikwa PICOSOC_MEM, moduli ambayo haipo popote.

Kati ya kusoma maandishi na kujenga saketi kuna hatua inayoitwa elaborasheni. Programu inashika moduli ya juu, inaingiza thamani za vigezo, inaamua kila sharti la generate, inazungusha kila kitanzi, inashuka hadi chini kabisa, na hapo ndipo mti unakuwa umejulikana. Kabla ya hapo kilichopo ni orodha ya mambo yanayowezekana. Nilimwambia, "Mdogo wangu, usiuandike upya ubongo wa Yosys kwa Python. Mwache Yosys aamue, wewe chukua jibu lake." Anaipa Yosys faili zile zile, kwa mpangilio ule ule wa kujengea, anaendesha hierarchy -check -top icebreaker, na kwenye skrini anaona inataja moduli zinazotumika na zile inazoziondoa kwa kuwa hazitumiki. Kisha proc, halafu write_json, inayoandika matokeo kwenye faili la JSON. Ndani ya faili hilo kila moduli ina orodha ya seli, na kila seli ina aina yake. Skripti yake ikabaki na kazi rahisi: chukua seli ambazo aina yake ni moduli ya mradi, andika mstari wa Graphviz. Kero pekee ni majina. Moduli yenye vigezo vilivyobadilishwa hupewa jina refu linaloanza na $paramod, lazima ulisafishe kabla ya kulionyesha kwa binadamu. Amri ya show aliijaribu pia, na kwa kichakataji kizima ilitoa picha isiyosomeka, maana ile huchora mantiki yenyewe hadi waya wa mwisho. Inafaa kwa moduli ndogo kama simpleuart.

Kazini, mradi ulikuwa wa VHDL, na huko chombo changu kikawa GHDL ya Tristan Gingold, programu inayoiga saketi ya VHDL kwenye kompyuta. Tulikuwa tunaitumia tayari kwa majaribio. Ukiiendesha na --no-run pamoja na --disp-tree=inst, haiigi chochote; inafanya elaborasheni, inachapisha mti wa nakala zote, na kuacha. Chaneli nane zilizotokana na kitanzi kimoja cha generate zinatokea nane, kila moja na namba yake. Mchoro wa ukutani ulikuwa na nne.

Huko nako msimbo ulinidai marekebisho. VHDL ya 1987 inakutaka utangaze komponenti kwanza, halafu uiweke, na entiti halisi ifungwe nayo baadaye kwa jina au kwa konfigurasheni. Tangu toleo la 1993 unaweza kuweka entiti moja kwa moja kwa kuitaja pamoja na maktaba yake. Mradi ulikuwa umejaa mtindo wa kwanza. Elaborasheni inaumudu, ila programu nyepesi zinazokaa ndani ya kihariri, kama TerosHDL, zinasaidika sana na mtindo wa pili, na macho ya binadamu yanasaidika zaidi. Tulibadilisha moduli moja baada ya nyingine, kila tulipokuwa tunaigusa kwa sababu nyingine. Kwa moduli za watengenezaji wa chipu, ambazo mara nyingi zimefungwa kwa usimbaji fiche na huwezi kuona ndani, tulikubaliana zichorwe kijivu na mti ukomee hapo.

Uamuzi ulionilipa kuliko yote ulikuwa mdogo. Mti ule ule tuliuhifadhi pia kama maandishi ndani ya Git, mstari mmoja kwa kila nakala, umepangwa kwa alfabeti. Kila anayeleta mabadiliko, seva inajenga mti upya na kuulinganisha na uliohifadhiwa. Ukitofautiana, mabadiliko hayapiti hadi mhusika aweke mti mpya ndani ya mabadiliko yake. Kwa hiyo anayekagua haoni msimbo peke yake, anaona na matawi yaliyoongezeka au kupungua.

Faida yake ilionekana mapema. Mwenzangu mmoja alileta badiliko la mistari michache. Alikuwa amesogeza kigezo kimoja kutoka moduli ya chini kwenda kwenye faili la pamoja la vigezo, na thamani ya msingi ikageuka kutoka kweli kuwa si kweli. Kwenye msimbo, badiliko lilionekana la usafi tu. Majaribio yote yalipita, kwa kuwa msimbo wa majaribio ulikuwa unakitaja kigezo hicho wazi kila mara, hautegemei thamani ya msingi. Lakini kwenye faili la mti kulikuwa na mistari minane myekundu, yaani iliyofutwa: moduli inayokagua CRC ya data (namba ya kugundua data iliyoharibika) imetoweka kwenye chaneli zote nane. Kifaa kingefanya kazi. Kingepokea data na kuonyesha vipimo, ila data iliyoharibika njiani ingepita kama nzima. Mkaguzi aliona ile mistari minane, akauliza, na jambo likaisha kwa dakika chache. Hakuna mchoro wa PowerPoint duniani ungelisema hilo, na Doxygen nayo isingelisema, maana kwenye maandishi moduli ya CRC ilikuwa bado imewekwa pale pale.

Baada ya hapo nikaanza kutazama komenti kwa jicho jingine. Mashine ikishachora mti, ikaorodhesha bandari na upana wake, na kutaja vigezo na thamani zake, komenti inayorudia hayo ni mzigo. Tulikuwa na kaunta moja iliyoandikwa juu yake, kwa Kijerumani, "kaunta ya biti 24". Hiyo inaonekana kwenye tangazo lake. Ambacho hakikuonekana popote ni kwa nini 24. Nilikaa na kalamu: kaunta ya biti 24 inapiga hatua 16,777,216 kabla ya kurudi sifuri, na kwa saa ya 50 MHz (mapigo yanayoendesha saketi, milioni 50 kwa sekunde) hiyo ni kama sekunde 0.34. Nikamtafuta mzee mmoja wa idara ya majaribio, akanieleza kwamba kihisi cha kizazi cha kwanza kilikuwa kinachukua hadi robo sekunde kuamka baada ya kuwashwa, kwa hiyo walitaka kusubiri zaidi ya hapo ndipo watangaze kosa. Hilo sasa ndilo limeandikwa kwenye komenti, pamoja na hesabu yake na onyo kwamba mtu akibadilisha kasi ya saa lazima ahesabu upya. Kama mzee yule angestaafu kabla sijamuuliza, namba ile ingebaki kuwa kitu ambacho kila mtu anaogopa kukigusa.

Kwa ishara zinazobadilishana kwa mpangilio, kama ombi na jibu kwenye basi (nyaya za pamoja zinazounganisha moduli), maneno hayatoshi. Hapo tunaweka WaveDrom, programu ya kuchora mawimbi ya ishara: unaandika mawimbi kwa JSON fupi ndani ya komenti, TerosHDL inayachora. Mchoro mmoja wa mizunguko sita ya saa, unaoonyesha kwamba data inakubaliwa pale tu ishara za valid (mtumaji ana data) na ready (mpokeaji yuko tayari) zinapokuwa juu pamoja, umemaliza ubishi uliokuwa unarudi kila mtu mpya alipofika.

Rejesta, yaani vijisanduku vya data ambavyo programu huvisoma na kuviandika kwa anwani, ni habari nyingine na nitaigusa kwa kifupi. Jedwali la anwani la PicoSoC linaingia kwenye aya moja: kumbukumbu ya ndani kuanzia 0x00000000, flashi ya nje kuanzia 0x01000000, kigawanyo cha saa cha UART (bandari ya kutuma na kupokea data biti moja moja) kwenye 0x02000004, data ya UART kwenye 0x02000008, na vifaa vya mtumiaji kuanzia 0x03000000. Dogo kiasi hicho unaweza kulitunza kwa mkono. Likifika rejesta mia tatu ndani ya Excel, na watu wa programu wana nakala yao, nakala hizo hazitabaki sawa hata wote wakiwa makini. SystemRDL, lugha ya kuelezea rejesta, inatatua hili kwa kugeuza mwelekeo: unaeleza rejesta mara moja, na kutoka hapo PeakRDL inatoa msimbo wa saketi, faili la C na kurasa za HTML. Sisi tulihamishia rejesta mpya tu kwenye mfumo huo na kuziacha za zamani, na kwa mradi unaoendelea kuuzwa naona huo ndio uamuzi wa busara.

Ukubwa wa mchoro nao una adabu yake. Mti mzima wa kifaa chetu ukichorwa wote unatoka mrefu kuliko meza. Hakuna anayeusoma. Tunachora ngazi mbili kutoka juu kwa ukurasa wa kwanza, kisha kila moduli kubwa ina ukurasa wake na ngazi mbili zake, na kubofya kisanduku kunakushusha. Nakala zinazofanana kabisa tunazikunja ziwe kisanduku kimoja kilichoandikwa "×8". Kukunja huko kunafanyika tu ikiwa vigezo vyao ni sawa vyote. Chaneli moja ikiwa na thamani tofauti, inasimama peke yake, na mara nyingi hiyo ndiyo chaneli unayotafuta.

Bado mti hausemi kila kitu, na pengo linalonikera zaidi ni la saa. Moduli mbili zinaweza kuwa jirani kwenye mchoro, moja inaendeshwa na saa ya 50 MHz na nyingine na saa inayotoka kwa kihisi, na ishara ikivuka kati yao bila kusawazishwa unapata hitilafu inayotokea mara moja kwa wiki na kutoweka ukiitafuta. Kwa sasa tunafuatilia bandari za saa kutoka juu kwenda chini kwenye matokeo ya elaborasheni na kupaka kila kisanduku rangi ya saa yake. Moduli zenye rangi mbili ni chache, na hizo ndizo tunazozikagua kwanza. Sehemu ngumu ni pale saa inapopita ndani ya moduli iliyofungwa ya mtengenezaji na kutokea upande wa pili na jina jingine. Huko bado tunaandika uhusiano huo kwa mkono kwenye faili dogo, na faili hilo nalo linakaguliwa kila mti unapobadilika.